Fungu la Ziara

Nchi inayosemwa hapa haimo kwenye ramani yoyote, na msomaji anaombwa asichungulie dirishani kuitafuta. Ni nchi yenye amani, mvua za wastani na viongozi wanaojali. Kujali ndiyo kazi yao ya kila siku, na wakishajali hulipwa posho ya kujali.

Katika wilaya moja ya nchi hiyo, pale lami inapoishia na ahadi ya lami inapoanzia, alikuwako muuguzi aitwaye Zamda. Kazi yake ilikuwa kupita. Mwanamke akijifungua hospitalini akarudishwa kwake, Zamda alipita baada ya siku mbili tatu kumtazama: kitovu cha mtoto kimekauka, mama hana homa, maziwa yanatoka, mtoto ananyonya au anachezea tu. Akimaliza hupewa maji ya kunywa, anaaga, anapita nyumba ya pili. Alikwenda kwa miguu, na mkobani alikuwa na mizani ya kuning'iniza, kipimajoto na kipande cha sabuni alichonunua mwenyewe. Watoto wengi wa wilaya ile walikuwa hai kwa sababu ya kupita huko, ingawa hakuna aliyewahi kulisema hilo mkutanoni, maana halikuwa na bajeti.

Sasa Zamda alikuwa amechoka. Hakuwachoka wazazi wala vichanga vyao. Kilichochoka ni magoti, na visigino vilivyopasuka mpaka kiatu kikawa adhabu. Akaandika wizarani kuomba kifungu kidogo cha fedha: viatu, nauli ya nyumba za mbali, na sabuni. Alisema ni kwa ajili ya "kuwapitia wazazi majumbani." Hilo neno ndilo lililomponza, na msomaji asimlaumu, kwa sababu lilikuwa neno zuri tu na kila mtu analitumia.

Ombi lilimfikia Bwana Mapambo, Afisa Itifaki Mkuu, mtu mwenye tai nyingi na mashaka machache. Alisoma, akakunja uso.

"Kupitia?" aliwauliza wasaidizi wake. "Mbuzi wanapita. Upepo unapita. Hata serikali za watu wengine zimepita. Serikali yetu haipiti."

Wasaidizi wakakubali kwamba haipiti. Bwana Mapambo akalikata lile neno, akaandika juu yake neno lenye hadhi: ziara. Ziara za Muuguzi Majumbani. Akalitamka mara mbili, akaona limekaa vizuri mdomoni, akalipeleka mbele.

*

Bungeni hoja ilipita mchana mmoja, jambo la ajabu katika bunge ambalo hata salamu hujadiliwa. Lakini nani awapinge watoto wachanga? Mbunge mmoja alisimama akasema, "Mheshimiwa Spika, mimi mwenyewe niliwahi kuwa mtoto mchanga," akapigiwa makofi mpaka akaketi. Mwingine aliuliza kama fedha zitamfikia mtoto mwenyewe, akaombwa afute kauli, akaifuta, akapigiwa makofi naye. Waliobaki waliunga mkono hoja mia kwa mia, na mmoja, aliyetaka kukumbukwa, aliunga mkono mia na ishirini. Ikapatikana na kaulimbiu: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ikachapwa kwenye fulana na kofia, na wabunge wakazivaa wao, kwa kuwa hazikuwa na saizi za wachanga.

Zamda alisikia habari redioni akiwa wodi ya wazazi. Alilia kidogo. Mtu aliyesubiri sana huwa hana machozi mengi.

Siku hiyo hiyo alikuwa akimruhusu mama mmoja arudi kwake. Aliitwa Siwema, mtoto wake wa kwanza huyu, na mumewe alikuwa msituni akipasua mbao. Mtoto alikuwa wa kike, amezaliwa kabla ya miezi yake kutimia, mdogo kiasi kwamba khanga moja ilimzunguka ikabaki. Alikuwa mzima, ila alikuwa na tabia moja isiyompendeza Zamda: akinyonya mafunda mawili analala.

"Mwanangu, huyu mvivu wa kunyonya," Zamda alimwambia. "Usidanganyike na usingizi wake. Mwamshe, umnyonyeshe, akilala umwamshe tena. Kesho kutwa nitapita tumpime."

"Utapita kweli, mama? Pale kwangu niko peke yangu."

"Lini nilisema nitapita nisipite?"

Siwema akacheka kwa aibu, akambeba mwanawe, akaenda zake akiwa ametulia moyo.

*

Magari yalikuwa yamejipanga getini Zamda alipotoka. Bwana Mapambo alimwinamia.

"Bi Zamda, hongera. Kuanzia leo wewe ni mgeni rasmi."

"Wa nani?"

"Wa kila nyumba utakayoizuru."

Akamweleza kwa upole, kama mtu anayemsomea mgonjwa dawa zake. Nchi hiyo ilikuwa na Mwongozo wa Ziara tangu zama za viongozi wa kwanza, na haukuwa na mlango wa nyuma. Kila kilichoitwa ziara kilikuwa na kikosi cha utangulizi kinachokwenda kabla, msafara wa magari, hema, viti vya meza kuu, kikundi cha ngoma, shada la maua, risala ya wenyeji, hotuba, chakula, na jiwe la kumbukumbu la kuzinduliwa. Pasipo hayo, ziara haikuwa ziara, na fedha ya ziara haikuweza kutoka.

"Mimi nina mtoto wa kumwona kesho kutwa," Zamda alisema. "Mizani yangu hii hapa. Sihitaji hema."

"Huyo mtoto tayari ameshapewa kipaumbele."

"Kwa hiyo kesho kutwa?"

"Nimesema kipaumbele, Bi Zamda. Siku ni idara nyingine."

"Basi nitakwenda kwa miguu, kama nilivyozoea."

"Mgeni rasmi hatembei kwa miguu. Wananchi wakikuona watasema serikali imeishiwa."

"Niende kama jirani tu."

Bwana Mapambo alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Jirani wa daraja gani?" aliuliza.

Viatu Zamda alipata, hilo lisemwe kwa haki. Vilikuwa vya visigino virefu, viatu vya kukalia. Sabuni pia ilinunuliwa, ikatumika kuoshea magari. Fungu lenyewe lilikuwa kubwa kuliko alivyowahi kuota, lakini ziara nayo ina tumbo lake. Kulikuwa na posho ya kikosi cha utangulizi, posho ya msafara, posho ya kusubiri msafara, na posho ya mazingira magumu kwa waliokaa juani nje ya hema. Hesabu ilipofungwa ikaonekana fungu linatosha nyumba moja kwa msimu. Nyumba ambazo Zamda alikuwa akizimaliza kwa wiki, sasa angezimaliza wale wachanga wakishaanza kupiga kura.

Kesho kutwa ikafika, ikapita. Zamda aliketi katika ofisi mpya ya Mgeni Rasmi, yenye zulia na maua ya plastiki, akitazama mlango. Dereva alikuwa amepewa kazi ya kuhakikisha hatembei. Kila asubuhi Zamda alimuuliza Bwana Mapambo, na kila asubuhi alijibiwa kwamba maandalizi yako hatua za mwisho. Hatua za mwisho katika nchi hiyo ni nyingi. Usiku alikuwa akihesabu mafunda mawili, usingizi, mafunda mawili, usingizi, mpaka analala naye amekunja ngumi.

*

Kikosi cha utangulizi kilifika kwa Siwema kwa shangwe. Kilipaka chokaa ukuta wa mbele, kwa kuwa ndio utakaopigwa picha. Kilikata migomba iliyoziba mahali pa hema. Kikauliza kuku wako wapi, kikaonyeshwa, kikawahesabu kwa kidole. Siwema alisimama mlangoni amempakata mtoto, akadhani miongoni mwa watu wote hao lazima yuko mmoja anayejua habari za watoto.

"Baba," alimwambia mkubwa wao, "mwanangu hanyonyi sawasawa. Amezidi kulala."

"Vizuri umesema mapema," yule bwana alijibu. "Hayo utayaweka kwenye risala."

Basi wakamkalisha, wakamwandikia risala, kwa kuwa mwananchi huachiwa aseme yake ila husaidiwa asichague maneno vibaya. Palipokuwa na "mtoto hanyonyi" wakaona panatia doa. Pakaandikwa, "Mtoto anaendelea vyema na mchakato wa kunyonya, na kwa sasa yuko katika hatua ya mapumziko." Palipokuwa na "nimechoka" pakaandikwa "nina ari." Siwema alisoma, akauliza kama muuguzi ataelewa. Akaambiwa muuguzi ni mgeni rasmi, na wageni rasmi wameelewa tayari.

Siku ya ziara jua lilikuwa kali. Msafara uliingia na king'ora, vumbi likamtangulia mgeni. Zamda alishushwa, akavishwa shada, akatembezwa kwenye zulia mpaka meza kuu, akawekewa maji ya chupa yaliyofungwa kitambaa. Toka pale alipokaa mpaka kwa Siwema palikuwa hatua chache tu, lakini katikati kulikuwa na ngoma, viongozi wa dini, kamati tatu na Mkuu wa Wilaya.

Siwema alisoma risala amesimama, macho yamemwingia ndani, sauti kama ya mtu anayesoma bango la mbali. Alipofika kwenye "hatua ya mapumziko" aliinua macho akamtazama Zamda moja kwa moja. Zamda aliyaelewa macho yale kuliko risala. Akainuka.

"Mgeni rasmi, bado zamu yako," Bwana Mapambo alimnong'oneza, akimshika kiwiko kwa heshima.

"Naomba nimshike mtoto mara moja."

"Mgeni rasmi hashiki, anajionea. Kushika kuko kwenye fungu la mwaka ujao."

Zamu yake ilipofika ikagundulika kwamba mtu wa cheo chake hawezi kuhutubia mbele ya Mkuu wa Wilaya, kwa hiyo Mkuu wa Wilaya alihutubia kwa niaba yake. Alizungumza juu ya mama, juu ya taifa, na juu ya mama kama taifa. Ngoma zikapigwa kwa nguvu, filimbi zikalia masikioni mwa mtoto aliyekuwa amevikwa kigauni chenye rangi za bendera, na mtoto hakutikisika hata ukope.

"Mnamwona," Mkuu wa Wilaya alisema, akimnyooshea mkono. "Makelele yote haya, katulia. Hataki hiki, hadai kile. Huyu ni mfano wa mwananchi bora."

Umati ukacheka ukapiga makofi. Zamda hakupiga. Alikuwa amepoa mwili mzima juani. Mtoto asiyeshtuliwa na ngoma si mtulivu, ni mtoto aliyeishiwa nguvu, na hilo si elimu ya siri, kila bibi pale alilijua, na kila bibi pale alikuwa ameambiwa apige makofi. Jiwe la kumbukumbu likazinduliwa karibu na choo. Kuku wakaliwa. Zamda alipotaka kuingia ndani kwa Siwema, mshereheshaji akatangaza kwamba muda umetutupa mkono, milango ya magari ikafungwa, na msafara ukaondoka naye akiwa amekaa katikati ya watu wawili, shada bado shingoni.

*

Kesho yake asubuhi dereva alikwenda kunywa chai. Zamda akavua vile viatu vya kukalia, akaviacha mezani kwenye zulia ili ofisi isionekane tupu, akavaa kandambili zake, akachukua mkoba, akatoka. Magoti yalimlalamikia njia nzima. Watu walisimama kumtazama mgeni rasmi akienda kwa miguu, na wengine, kwa heshima, waligeuza nyuso.

Alifika kwa Siwema jua limeshapanda. Ua ulikuwa na mifupa ya kuku na chupa tupu. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Hodi," alisema.

Kimya. Ila ndani palikuwa na mtu. Alisikia mkeka ukikwaruza.

"Hodi, mwanangu. Ni mimi Zamda."

Sauti ya Siwema ilikuja taratibu kutoka karibu na sakafu. "Mama, nisamehe. Kuku wamekwisha. Sina tena cha kupokelea ziara."

"Sikuja na ziara. Niko peke yangu."

"Na wengine wako wapi?"

"Hakuna wengine. Nimepita tu."

Hilo neno alilisema kwa uchovu, bila kulifikiria, na komeo likafunguliwa.

Mtoto alikuwa kwenye mkeka, bado na kigauni chake cha taifa. Midomo imekauka. Zamda alimbana kisigino kidogo, kama wanavyofanyiwa vichanga ili waamke, mtoto akakunja uso tu, akarudi kwenye usingizi wake. Zamda alihisi hasira ikimpanda mpaka kooni, hasira ya mtu aliyeomba viatu akapewa ngoma, lakini hasira hailishi mtoto, akaimeza.

"Mvue hiki kitambaa," alisema. "Mweke kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, ujifunike naye. Nipe kikombe safi na kijiko."

Alimfundisha kukamua maziwa kwa mkono, na Siwema, ambaye matiti yalikuwa yamemjaa na kumuuma siku zote hizo, alikamua huku akilia. Hospitalini wangefanya hili hili, ila kwa mwendo wa nusu siku juani. Zamda akachota tone, akaligusisha kwenye mdomo wa mtoto, akasubiri. Tone likamwagikia kidevuni. Akachota jingine. Likamwagika. La tatu lilikaa ulimini kwa muda mrefu, na wanawake wawili wakalitazama bila kuvuta pumzi, kisha koo dogo likasogea.

"Kameza," Siwema alisema.

"Kameza. Tusimwambie mtu."

Waliendelea hivyo, tone kwa tone. Ndipo king'ora kikasikika.

Bwana Mapambo alikuwa amepata taarifa kwamba mgeni rasmi yuko ziarani bila ziara. Kwa mwongozo hilo lilikuwa jambo la hatari; ziara ikishaanza lazima ikamilishwe, na kama mgeni ametangulia, basi itifaki imfuate. Alikuja na magari yaliyopatikana, nusu ya ngoma, na shada la jana lililonyunyiziwa maji. Zamda aliinuka akaweka komeo.

"Wakiingia?" Siwema aliuliza.

"Wakiingia watanitoa mimi, watabaki wao."

Nyayo zikaja mpaka mlangoni, zikasimama. Bwana Mapambo, pamoja na yote, alikuwa mtu aliyelelewa na mama, na hakuweza kusukuma mlango wa mzazi.

"Hodi," alisema.

Zamda alichota kijiko, hakujibu.

"Hodi humu ndani."

Siwema alitazama mlango. Zamda akatikisa kichwa. Hodi ni tatu, na ya tatu ikikosa jibu mgeni mwenye adabu hugeuka. Katika nchi hiyo serikali ilikuwa imevunja desturi nyingi, lakini hiyo ilikuwa bado haijakumbuka kuivunja.

"Hodi jamani," ya tatu ikatoka, na ndani kimya, na nje kimya, na Zamda akasikia viatu vikigeuka kwenye kokoto. Moyo wake ukaanza kutulia. Akatia kijiko mdomoni mwa mtoto.

Mtoto akameza, akapaliwa kidogo, akakunja uso mzima, akafungua mdomo akalia.

Hakikuwa kilio kikubwa. Kilikuwa chembamba, kikavu, cha hasira, kilio cha mtu aliyenyimwa kitu na sasa amekumbuka kukidai. Siwema, ambaye hakuwa amekisikia tangu watoke hospitali, alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Zamda alifumba macho. Katika miaka yake yote ya kupita, hakuwa amewahi kusikia sauti aliyoitaka kama ile.

Nje, viatu vilisimama.

"Mmesikia?" Bwana Mapambo aliwauliza wenzake. "Mwenye nyumba ameitika. Andika: mtoto mwenyewe amesema karibu."

Makofi yakapigwa. Ngoma zikaanza. Zamda hakuwa na nguvu ya kukasirika tena. Alijua kwamba kesho angeitwa, kwamba nyumba nyingine zilikuwa zikisubiri kipaumbele, na kwamba komeo la mti halikuwekwa pale kwa ajili ya serikali. Alivuta mkeka mpaka mlangoni, akaketi ameuegemea mlango kwa mgongo, akamwita Siwema aje na mtoto akae mbele yake. Mlango ukamsukuma mgongoni, taratibu, kwa heshima zote. Akajikaza ili mkono usitikisike, akachota tena, na mtoto, akiwa katikati ya kilio, akapokea kijiko, akanyamaza, akameza, akalilia kingine.